Sisimizi Kwenye Boneti

Inspekta alipofika karakana asubuhi ile, alikuta kesi imeshahukumiwa.

Mkuu wa karakana alikuwa amesimama kando ya gari dogo jeupe, mikono nyuma, na uso wa mtu aliyekwisha shiba. Wafanyakazi wote walimwita Kifungu, maana hakuna sentensi iliyomtoka bila kutaja kifungu fulani cha kitabu cha waranti. Walisema hata posa yake aliipeleka kwa vifungu.

"Injini imenoki," alisema. "Gari jipya, viti bado vina nailoni, na injini imenoki. Unajua kwa nini?"

"Ndiyo kwanza nafika, bwana."

"Lala chini uone."

Inspekta alitandika boksi kuukuu sakafuni, akalala chali na kujisukuma chini ya gari huku akikilaani kiuno chake. Alikuwa mama wa makamo, mwili umejaa, ovaroli imembana kidogo tumboni. Alitumikia usalama barabarani mpaka akastaafu, ndipo kampuni hii ya kuuza magari ikamchukua achunguze madai ya waranti. Gari la mteja likifa kabla ya muda wake, yeye ndiye wa kusema limekufa kwa kosa la nani. Cheo cha polisi alidhani amekirudisha pamoja na kofia, lakini kilimfuata mpaka nyumbani. Hata mumewe alipotaka chumvi mezani alisema, "Inspekta, nisogezee hiyo."

"Filta ya oili ni ya bluu," alisema kutoka uvunguni.

"Na zetu?"

"Nyeupe."

"Haya!" Kifungu alipiga makofi. "Kifungu cha matengenezo. Amelifanyia sevisi vichochoroni huko. Na jana gari lilipoletwa limefungwa kamba nilimuuliza kistaarabu, mama, umewahi kulipeleka gereji ya nje? Akaapa. Akamwapia marehemu mama yake! Barua ya kumkatalia nimeshaichapa, imebaki sahihi yako tu."

Mwenye gari alikuwa mwoka keki za harusi, maarufu mjini kwa jina la Mama Keki. Biashara yake yote ilikaa kwenye lile gari. Keki ya ghorofa tatu huwezi kuibeba kichwani.

Inspekta alijitoa uvunguni, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwepo, imefika alama, laini na safi vya kutosha. Aliisugua kati ya vidole, akainusa.

"Kifungu, gari linalokufa kwa sevisi mbovu ya oili hufa likiwa kavu, au oili imeganda kama lami. Hii haina neno. Injini hii imeuawa na joto."

"Joto limeletwa na filta."

"Filta ya oili imeleta joto?"

"Kitabu hakikatazi kufikiri hivyo."

Inspekta alikuwa anatazama tairi la mbele. Msururu wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa sakafu, ukapanda tairi, ukapita juu ya bampa, ukaingia ndani ya boneti kwa utulivu wa watu wanaokwenda kazini.

"Na hawa?"

"Wadudu tu. Nimewapulizia dawa, wakarudi. Wanafuata kulanti, si unajua ina harufu tamu."

Hilo lilikuwa kweli. Kulanti, yale maji ya rangi yanayozunguka kuipoza injini, hunukia utamu yakivuja, na gari hili lilikuwa la aina inayotumia ya rangi ya waridi. Lakini Inspekta aligeuka kuitazama karakana nzima. Magari mengine yalikuwa yamepangwa ukutani, na chini ya mawili au matatu kulikuwa na madimbwi ya waridi yaleyale.

"Yale pale yanavuja kulanti?"

"Yanavuja."

"Mbona sisimizi hawaendi kule?"

Kifungu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakupata kifungu.

Inspekta akatoa begini tochi yake ya mwanga wa zambarau. Kulanti ya kampuni huchanganywa na dawa inayong'aa kijani chini ya mwanga huo, ili fundi aone inapovujia. Aliomba mlango wa karakana ushushwe, akainama. Kwenye kiungo cha mpira wa juu wa rejeta, klipu ilikuwa imekaa upande, na chini yake michirizi ya kijani ilishuka kama machozi.

"Klipu hii imefungwa kiwandani," alisema. "Haijaguswa na spana ya mtu. Maji yamekuwa yakipungua polepole."

Halafu akamulika shingo ya kidumu cha kulanti, pale sisimizi walipokuwa wamejazana. Kulikuwa na ute mzito, wa kahawia, umegandia plastiki. Haukung'aa hata chembe. Akaukwaruza kwa bisibisi, akaunusa, akampa Kifungu anuse naye.

"Nini hiki?" aliuliza Kifungu.

"Nakuuliza wewe."

"Kinanuka..." Kifungu alisita, kwa kuwa alikuwa mtu makini na jibu lenyewe lilimwaibisha. "Kinanuka peremende."

Ndipo Inspekta alipojilaza tena kwenye boksi kuitazama ile filta ya bluu. Alikuwa ameona maandishi ya kalamu nyeusi ubavuni, akadhani ni alama za dukani. Sasa aliyasoma vizuri. Ilikuwa nambari ya simu, na chini yake neno moja: SHWARI.

"Mtu ameweka tangazo lake chini ya gari," alisema. Alitoa simu, akapiga palepale alipolala.

"Shwari!" sauti ikaitikia.

"Wapi gereji yako, kijana?"

"Nyuma ya kituo cha mafuta, mama yangu, waulize tu. Gari gani?"

"Utaliona," alisema Inspekta, akakata.

* * *

Magari yote ya kampuni yalikuwa kwenye maonyesho, kwa hiyo alichukua lile la kuvuta mabovu, breki-dauni yenye mkono wa chuma nyuma na taa ya chungwa juu. Aliliegesha mbele ya gereji ya mabati na kumkuta Shwari amevaa miwani ya jua, anapanguza injini ya pikipiki kama anampapasa mtoto.

Inspekta alimwonyesha picha ya gari jeupe.

"Sijawahi kuliona," alisema Shwari upesi mno.

"Hata siku moja?"

"Mama yangu, mimi magari mapya siyagusi. Yana waranti yale. Ukiyagusa wenyewe wanakuja na mashati meupe."

Inspekta akatoa simu, akabonyeza. Mfuko wa Shwari ukaanza kupiga muziki wa dansi. Wakatazamana mpaka wimbo ukafika kiitikio.

"Nambari hii nimeitoa kwenye filta," alisema Inspekta. "Umeandika mwenyewe."

Shwari akavua miwani. "Biashara ni kujitangaza, mama."

"Jitangaze sasa. Ulilifanya nini lile gari?"

"Nilimwaga oili, nikaweka ya daraja linalotakiwa na kitabu, nikabadilisha filta. Filta ni ya kampuni nyingine lakini ni saizi yake, ubora wake. Stakabadhi nilimpa, akaikunja ndogo akaificha kwenye sidiria, akaniambia kaka, ukiulizwa mimi hunijui. Ndiyo maana nimekuongopea. Si kwa nia mbaya, nimetii mteja."

"Kwa nini hakuja kwetu?"

"Foleni yenu, mama! Ukiacha gari kwenu utalirudia na mvi. Yeye ana harusi kila wikiendi. Basi akachagua kuja huku, halafu akawa anatetemeka kama kaiba."

"Ukaongeza kulanti?"

"Ilikuwa imepungua kidogo. Nikanunua galoni kwenye dirisha lenu la vipuri, ileile ya waridi, maana ukichanganya aina unaharibu. Nikajaza, na iliyobaki nikampa aweke kwenye buti, ikipungua aongeze."

"Ulimpa kwenye galoni lake?"

"Hapana, galoni nilibaki nalo, lina matumizi. Nikamtilia kwenye chupa ya maji ya kunywa."

Inspekta alimtazama. "Ukaandika lebo?"

"Lebo ya nini, mama? Rangi si inaonekana?"

"Nambari yako unaiandika mpaka uvunguni mwa gari, lakini sumu unaitia kwenye chupa ya maji bila hata herufi moja?"

Safari hii Shwari hakusema shwari. Alirudisha miwani usoni, akaivua tena.

Mpaka hapo Inspekta alikuwa na mpira unaovuja, maji yaliyopungua na kitu chenye sukari ndani ya kidumu. Kilichokosekana ni mkono uliomimina.

* * *

Mkono huo aliukuta nyumbani kwa Mama Keki, umeshika kitambaa cha vumbi.

Ulikuwa wa mumewe, bwana mwembamba, shati limechomekwa, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi kabla hajaachishwa kazi na kuwa dereva wa keki za mkewe. Alimkaribisha Inspekta kwa heshima, akamwomba avue viatu, akaviweka viatu hivyo karibu na vyake vyeusi. Vya kahawia vilikuwa upande wa pili.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko ukumbini, shemeji. Kuna harusi leo. Amekodi pikapu ya watu kwa sababu ninyi mmekaa na gari letu." Alisema neno la mwisho kwa uchungu wa upole.

"Gari linaweza kurudi tukijua lilikufaje. Nani huongeza maji kwenye rejeta?"

"Mimi. Taa ya joto iliwaka juzi, nikamuuliza mwenzangu, naye alikuwa bafuni. Akasema kwa sauti, chupa ya waridi! Nikaenda nikaichukua, nikajaza mpaka juu. Kazi safi."

"Uliichukua wapi?"

"Jikoni, mahali pake."

"Nipeleke."

Jiko lilikuwa dogo, na Inspekta hakuwahi kuona jiko la namna ile maishani. Kila kitu kilipangwa kwa rangi. Rafu ya juu ilikuwa ya manjano: mafuta ya kupikia, unga wa manjano, sabuni ya vyombo, dawa ya kusafishia choo. Rafu ya kijani ilichanganya siki na shampuu. Rafu ya waridi ilikuwa na chupa za maji zilizojazwa sharubati nzito ya waridi, zimepangwa kwa urefu, na hakuna iliyoandikwa kitu.

"Hizi ni za nini?"

"Sharubati. Mwenzangu huichemsha mwenyewe, sukari na maji na rangi. Akishaoka keki huilowesha nayo ili iwe laini." Akatabasamu kwa fahari. "Zamani alikuwa anazitupa popote. Ananiita kichaa, lakini sasa mtu anapata kitu akiwa amefumba macho."

"Na chupa iliyokuwa kwenye buti?"

"Ile? Niliposafisha gari niliikuta inagaragara huko, waridi kabisa, nikasema mwenzangu kasahau sharubati yake. Nikairudisha mahali pake."

Inspekta alivuta pazia la dirisha, akawasha tochi ya zambarau, akamulika rafu ya waridi chupa moja baada ya nyingine. Zote zilibaki giza. Ndipo alipoona pengo katikati ya mstari, duara safi lisilo na vumbi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Chupa. Ameichukua leo alfajiri kulowesha keki ya harusi."

"Chupa tupu mnaitupa wapi?"

Bwana mwembamba alionyesha ndoo chini ya sinki. Inspekta akafunua mfuniko, akamulika. Katikati ya maganda ya mayai, chupa moja tupu iliwaka kijani kama jicho la paka.

"Bwana," alisema Inspekta taratibu, "gari lako ulilinywesha sharubati. Sukari ikachemka, ikawa gundi, ikaziba rejeta, injini ikaungua. Hilo tutalizungumza baadaye. Sasa niambie, kulanti iko wapi?"

Mume alitazama upande wa nje, gari lilikokuwa likilala, akatazama rafu, akatazama ndoo. Mtu angeweza kuyaona mawazo yakipanda usoni mwake ngazi kwa ngazi.

"Mungu wangu," alisema. "Iko kwenye keki."

"Ni tamu, hakuna atakayeitema. Na inaua figo. Mpigie simu mkeo!"

Akapiga. Simu ya Mama Keki ikalia palepale jikoni, mfukoni mwa aproni ya waridi iliyotundikwa karibu na taulo la waridi.

* * *

Breki-dauni haikutengenezwa kwa mbio. Inspekta aliwasha taa ya chungwa, akabana honi, akapita katikati ya mji mkono wa chuma ukigongagonga nyuma, na mume wa Mama Keki kando yake ameshikilia dashibodi, anaomba dua na kumwelekeza njia kwa pumzi hiyohiyo.

Ukumbini, bwana harusi na bibi harusi walikuwa wameshashika kisu. Mshereheshaji alikuwa kwenye kipaza sauti akiwahimiza wapige picha kwanza. Keki ilisimama mezani, ghorofa tatu, nyeupe, maua ya sukari kila pembe, na Mama Keki kando yake kwenye gauni la kazi, mikono imeshikana mbele, anaikagua kwa jicho la mzazi.

"Msikate!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya grisi, soksi tupu miguuni, anahema. Viatu vyake vilikuwa bado vimepangwa kule nyumbani kwa Mama Keki, kando ya vile vyeusi.

Shangazi wa bibi harusi, mama mnene wa kilemba, akainuka kwenye kiti cha mbele.

"Nilisema!" alipiga kelele. "Nilisema mimi! Huyu kijana ana mke mahali!"

"Shangazi, simjui huyu mama!" alilia bwana harusi. "Naapa simjui!"

"Humjui, na amekuja bila viatu?"

"Mimi nimekuja kwa ajili ya keki," alisema Inspekta akisonga mbele.

"Unaona! Hata aibu hana! Bwana kamkosa, anataka keki!"

Bibi harusi alimgeukia mumewe, kisu bado mkononi, na bwana harusi akarudi nyuma hatua ya haja. Nyuma ya Inspekta, mume wa Mama Keki aliingia mbio, akapita moja kwa moja mpaka ukutani penye swichi.

"Mama," Inspekta alimwambia Mama Keki, "mapazia. Fungeni mapazia na mzime taa. Tafadhali, kabla mtu hajaweka kitu mdomoni."

Mshereheshaji, ambaye aliishi kwa kuokoa mambo yanayoharibika, alifikiri ameelewa. "Mabibi na mabwana, tulieni! Inaonekana tumeandaliwa jambo la kushtukiza! Mapazia, tafadhali!"

Giza likaingia. Inspekta akawasha tochi.

Ghorofa ya juu ya keki ilibaki kimya. Ya chini pia. Ya kati, pale ambapo sukari ya juu ilikuwa nyembamba na unyevu wa ndani umepenya, ikaanza kuwaka. Madoa ya kijani yalitokeza moja moja, kisha yakaungana, mpaka ghorofa nzima ikang'aa kama imemezwa na vimulimuli.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu walisimama juu ya viti, simu zikatolewa. Mtu akapiga mluzi. Bibi harusi aliweka mkono kifuani, akasema kwa sauti iliyolainika, "Jamani, ni nzuri hivi!"

Mama Keki peke yake hakupiga makofi. "Mimi sijaweka taa humo," alisema. "Humo ndani mna nini?"

"Kulanti. Ile chupa aliyokupa Shwari."

Inspekta akamshika kiwiko, akamketisha. Taa ziliporudi, Inspekta alichukua kipaza sauti na kusema kwa ile sauti aliyowahi kusimamishia malori: "Keki hii ina sumu. Si ya makusudi, ni ya bahati mbaya, lakini ni sumu. Nani ameshaonja?"

Makofi yalikatika. Polepole, macho ya meza ya mbele yalimwendea shangazi wa bibi harusi. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na kitu cheupe.

"Ni povu la dawa ya meno," alisema shangazi.

"Mama," alisema Inspekta.

"Kidole kimoja tu! Kwa nyuma, pasipoonekana!"

Taa zikazimwa tena. Mbele ya ukoo wote wa kuumeni na kuukeni, shangazi aliketi ameachama kinywa, ulimi nje, na Inspekta akammulika mpaka kooni. Hakikung'aa kitu. Akammulika kidole, nacho hakikung'aa. Shangazi alikuwa amekwaruza ghorofa ya chini, sukari tupu.

"Uko salama," alisema Inspekta, "lakini nenda hospitali ukapimwe hata hivyo, usiridhike na tochi yangu."

"Na huyu kijana?" aliuliza shangazi akijifuta mdomo, akimwonyesha bwana harusi. "Una hakika humjui?"

Keki ilitolewa mlango wa nyuma, imefunikwa shuka kama maiti, na Inspekta mwenyewe akasimamia ilipofungiwa. Jikoni mwa ukumbi ulipatikana mkate mmoja wa kawaida. Maharusi waliukata kwa kisu kilekile, wakalishana vipande vikavu, na bwana harusi, ambaye uhai wake ulikuwa umenusurika mara mbili ndani ya muda mfupi, alitafuna kwa shukrani iliyoonekana kwenye kila picha.

* * *

Alasiri hiyo walikutana karakana, Inspekta, Kifungu na wenye gari. Mama Keki alikaa kwenye ngazi ya ofisi, macho mekundu. Mumewe alisimama mbali naye kidogo, hajui aweke wapi mikono. Hakuwa na kitu cha kupanga.

"Ni rahisi," alisema Kifungu. "Sevisi imefanywa nje. Waranti yote imekufa. Nina kifungu."

"Kisome," alisema Inspekta.

"Nakijua kwa moyo."

"Kisome, bwana."

Kifungu alifungua kitabu, akakohoa. "'Waranti haitahusu kasoro iliyosababishwa na matengenezo yasiyofaa...'"

"Iliyosababishwa. Neno hilo huwa unaliruka. Oili aliyoweka yule fundi ni ya daraja lake, filta ni saizi yake, na stakabadhi mteja amenionyesha. Sevisi ya nje haikuua kitu. Mama huyu hakuwa na sababu ya kuificha."

Mama Keki aliinua kichwa. "Kumbe ningesema tu?"

"Ungesema tu. Na ungesema jana, leo asubuhi ningeanzia kwa Shwari badala ya kuanzia uvunguni. Labda ningekuwa jikoni kwako kabla keki haijapakiwa." Hakulisema kwa ukali, lakini alilisema lote.

Mama Keki aliitikia kwa kichwa, akarudi kutazama sakafu.

"Basi na injini?" aliuliza Kifungu kwa matumaini.

"Injini imeuawa na sharubati. Sharubati hatukuiuza sisi. Hiyo kataa, nitatia sahihi. Lakini klipu ya mpira ni kosa la kiwanda, hiyo tunalipa, pamoja na mpira wenyewe. Na vilivyobaki, gia, breki, umeme, vina waranti yake kama mwanzo. Andika hivyo."

"Kwa hiyo kelele zote hizi," alisema Kifungu, "tunatoa mpira mmoja."

"Na klipu."

Kifungu alifikiri, akaona hakuna kifungu kinachomzuia, akaenda kuchapa barua nyingine. Mume wa Mama Keki alisogea.

"Shemeji, injini nani ataitengeneza?"

"Hapa mtaambiwa mnunue mpya. Shwari anasema anaweza kuifungua, kuiosha na kuokoa kinachookoleka. Nimemwambia pesa ya ufundi hatawalipisha, kwa sababu ya ile chupa. Hakubisha. Nitawavuta mpaka kwake."

Walilifunga gari jeupe kwenye mkono wa breki-dauni. Kwenye kabini palikuwa na nafasi kwa wote watatu. Mama Keki alipanda, akakaa katikati ya kiti, akaweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki.

Mumewe alisimama mlangoni. "Mama Keki?"

"Kaa kwenye gari lako."

"Lile limening'inia."

"Nimeliona."

Inspekta alifungua mdomo kusema kwamba sheria hairuhusu, akamtazama yule mama, akaufunga. Aliondoa breki-dauni kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kwenye kioo alimwona bwana mwembamba ndani ya gari lililoinuliwa pua juu, amefunga mkanda, mikono miwili kwenye usukani, anatazama anga kwa uangalifu. Kwenye kona ya kwanza aliwasha indiketa.

Mama Keki aliona. Sauti ikamtoka puani, kisha bega likatikisika, kisha akacheka, akacheka akipiga dashibodi kwa kiganja mpaka machozi yakamtoka. Walipofika mbele ya ule ukumbi, watoto waliokuja harusini walikuwa wakikimbizana uani na puto, na kicheko kikageuka kitu kingine. Alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Wote wale," alisema. "Wote wale, Inspekta."

Inspekta alipunguza mwendo. Akamsukumia kitambaa kisafi kutoka kwenye begi la vifaa, akaendelea kuendesha. Baada ya kitambo Mama Keki alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akageuka nyuma.

"Baba!" alimwita mumewe. "Kichwa chini, kuna matawi!"